Stebilaiza Imefunguliwa

Gari la kijijini halina kazi moja. Leo limebeba mpunga, kesho limebeba mgonjwa, keshokutwa limebeba mabati ya shule. Linapita kwenye tope, kwenye mchanga na kwenye makorongo, halafu linapanda barabara ya lami. Kwa hiyo afya ya gari hilo inatuhusu sote, hata sisi tusiojua kuendesha.

Katika makala hii nitaeleza juu ya chuma kimoja tu cha gari. Mafundi wanakiita stebilaiza. Madereva wengi wa njia mbaya hupenda kuifungua stebilaiza ya mbele. Wengine huifungua na kuirudisha. Wengine huifungua na kuitupa. Nitaeleza kwa nini wanaifungua, faida yake ni nini, na hatari yake iko wapi.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima, na cheti changu ni cha kazi hiyo. Lakini kazi hiyo hunipitisha katika vijiji vya Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nimekaa saa nyingi kando ya magari yaliyokwama. Mtu anayekaa kando ya gari lililokwama hujifunza mengi, ikiwa anauliza.

STEBILAIZA NI NINI?

Chungulia chini ya gari, upande wa mbele. Utaona chuma cha mviringo, kinene kuliko kidole gumba. Kimelala kutoka upande wa kushoto hadi upande wa kulia. Ncha zake mbili zimepinda, kwa hiyo chuma chote kina umbo kama la herufi U iliyopanuliwa. Hiyo ndiyo stebilaiza.

Katikati, chuma hicho kimeshikwa kwa vipande vya mpira vinavyoitwa bushi. Katika magari mengine kimeshikwa kwenye chesisi, na katika mengine kwenye ekseli. Ncha zake zimeunganishwa na upande wa pili kwa viungo vifupi vya chuma, kimoja kushoto na kimoja kulia.

Kazi yake unaweza kuielewa kwa shuka lililofuliwa. Wewe shika ncha moja, na mwenzako ashike ncha nyingine. Likamueni. Ikiwa wewe unazungusha na mwenzako anafuata mkono wako, shuka halisokoteki. Lakini mwenzako akikaza mkono wake, shuka hujisokota, huwa gumu, na huanza kuirudisha mikono yenu.

Stebilaiza hufanya vivyo hivyo. Magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda tuta kwa pamoja, chuma huzunguka tu ndani ya bushi zake. Hakizuii kitu. Lakini gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, chuma hujisokota. Hapo hukataa, na huvuta ili pande zote mbili ziwe sawa.

Gari linapokata kona kwenda kulia, mwili wake huegemea kushoto. Springi za kushoto hukandamizwa, na za kulia hulegea. Stebilaiza hujisokota na kuuzuia mwili usilale sana. Kwa maneno mengine, ni chuma cha kulizuia gari lisiyumbe.

KWA NINI DEREVA HUIFUNGUA?

Kitu kinachosaidia kwenye kona ya lami huwa kikwazo kwenye korongo.

Chukua gari linalovuka korongo kwa mshazari. Gurudumu la kushoto linataka kupanda juu ya jiwe. La kulia linataka kushuka ndani ya shimo. Stebilaiza inayakataza yasiachane sana. Basi gurudumu la kulia hubaki limening'inia hewani, au hugusa ardhi kidogo tu bila uzito.

Katika gari lenye difu ya kawaida, gurudumu lisilo na uzito huzunguka bure. Lile lenye uzito husimama tu, halipati nguvu ya kutosha. Gari limekwama, ingawa injini ni nzima na matairi ni mazuri.

Dereva akiifungua stebilaiza ya mbele, ekseli hupata uhuru. Gurudumu moja hupanda na jingine hushuka mpaka likakanyaga ardhi. Gari hupita. Mwili nao hautupwitupwi sana huku na huku juu ya mawe. Faida hii ni ya kweli. Huonekana zaidi katika magari yenye ekseli moja nzima mbele. Katika magari ambayo kila gurudumu la mbele limefungwa peke yake, faida yake ni ndogo.

Wazee wa darasa moja waliniuliza, "Mwalimu, mbona Land Rover za zamani hazikuwa na kitu hicho, na zilifika kila mahali?"

Swali lao lilikuwa zuri. Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948. Springi zake zilikuwa za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo zilikuwa ngumu, na zenyewe zilisaidia kuzuia mwili usilale. Abiria walirushwa na migongo iliuma, lakini gari halikuyumba sana. Tena mwendo wake haukuwa wa kasi.

Magari ya baadaye yalibadilika. Kwa mfano, Toyota Land Cruiser za aina ya 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984. Mwaka 1999 pickup za aina hiyo zilipata springi za koili upande wa mbele, yaani springi zilizozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Springi za koili ni laini na hupunguza kurushwa. Lakini kwa sababu ni laini, zinahitaji msaada kwenye kona. Msaada huo ni stebilaiza. Kwa hiyo huwezi kusema, "Gari la babu halikuwa nayo, basi hata hili halihitaji." Gari la babu lilitengenezwa kwa namna nyingine.

HATARI YAKE

Stebilaiza ya mbele ikiondolewa, mambo matatu hutokea kwenye barabara nzuri.

Kwanza, mwili wa gari hulala zaidi kwenye kona. Hulala zaidi pia dereva anapokwepa kitu ghafla.

Pili, mbele hulegea lakini nyuma hubaki ngumu. Springi za nyuma za pickup ni ngumu kwa sababu ya mzigo. Sasa nyuma ndiyo inayobeba kazi kubwa ya kuzuia gari lisilale. Matairi ya nyuma yakielemewa, huteleza, na mkia wa gari hutaka kupita mbele.

Tatu, mzigo wa juu huwa hatari zaidi. Magunia yakipangwa marefu, au watu wakikaa juu ya magunia, uzito wa gari hupanda juu. Gari likilala, uzito huo hulivuta lilale zaidi.

Kumbuka pia habari ya mwendo. Katika kona ile ile, ukitoka kilomita 30 kwa saa ukaenda kilomita 60, nguvu inayolisukuma gari kwenda nje ya kona haiwi mara 2. Inakuwa mara 4. Ndiyo maana gari lisilo na stebilaiza huonekana tulivu kabisa kwenye tope, halafu likabadilika kwenye lami.

TULIVYOJIFUNZA MWAKA 2019

Masika ya mwaka 2019 nilipanda gari la kikundi kimoja cha wakulima. Sitakitaja jina. Lilikuwa pickup ya ekseli moja nzima mbele. Dereva wa gari hilo alikuwa mtu hodari. Njia ilipoharibika, aliifungua stebilaiza ya mbele na kuiweka nyuma ya kiti. Kwa wiki tatu gari lilipita mahali ambapo magari mengine yalilala. Watu walimsifu, na alistahili.

Kisha dereva akashikwa na malaria. Kikundi kikamwita dereva mwingine. Naye alikuwa dereva mzuri mwenye leseni, lakini hakuwa ameliendesha gari lile mwezi ule. Asubuhi alikagua matairi, maji, oili na breki. Vyote vilikuwa sawa. Tukaondoka na magunia 8 ya mpunga. Mimi nilikaa mbele. Utingo na akina mama wawili walikaa juu ya magunia.

Kwenye tope tulikwenda vizuri. Tulipofika kwenye lami dereva alifurahi, kama wanavyofurahi madereva wote, akaongeza mwendo. Mbuzi wakatoka upande wa kushoto. Dereva akakata kwenda kulia. Gari likaegemea kushoto kama mtumbwi uliokaliwa na watu wote upande mmoja. Akarudisha usukani. Gari likaegemea kulia, na mkia ukateleza. Tukaingia kwenye mtaro, tukasimama tukiwa tumeinama.

Hatukupinduka. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja aliyekuwa akipeleka mpunga wake mashineni alianguka na kuvunjika mkono. Ilikuwa wakati wa mavuno. Mkono ule ulikuwa mkono wa kulia.

Siku ya pili watu walikutana. Dereva wa kwanza, akiwa bado mgonjwa, alisema, "Mimi nilimwambia utingo."

Utingo alisema, "Nilidhani kaka dereva ameshaambiwa. Mimi ni nani wa kumwambia dereva habari za gari?"

Dereva wa pili alisema, "Mimi sikuambiwa na mtu."

Wote watatu walisema kweli. Na mkono wa yule mama ulikuwa umevunjika vilevile.

Palikuwa na fundi mmoja mzee katika mkutano. Aliombwa aseme. Alisema maneno machache ambayo sijayasahau. "Gari lisilo na tairi, hata mtoto analiona. Gari lisilo na stebilaiza linaonekana zima. Kuifungua si kosa. Kosa ni gari kukaa kimya."

Tulimwuliza, "Mzee, gari litasemaje?"

Akajibu, "Mnao watu wanaojua kuandika."

KARATASI

Utingo yule alikuwa mwanakisomo wa darasa letu la jioni. Alipoanza kisomo alikuwa akiweka dole gumba badala ya saini. Wakati huo alikuwa amefika kwenye kuandika barua fupi. Wanakikundi wakampa yeye kazi ya kuandika.

Neno stebilaiza halikuwamo katika vitabu vyetu vya kisomo. Darasa zima lilibishana namna ya kuliandika. Mmoja alisema lianze na "is". Mwingine alisema liandikwe kama mafundi wanavyolitamka. Utingo aliliandika ubaoni mara tatu, akalisoma kwa sauti, akaridhika. Kisha akaandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi ngumu:

STEBILAIZA YA MBELE IMEFUNGULIWA.
MWENDO USIZIDI KILOMITA 30.
IRUDISHWE KABLA YA LAMI.

Karatasi hiyo ilitobolewa na kutiwa kamba. Stebilaiza ikifunguliwa, karatasi hufungwa kwenye usukani. Stebilaiza ikirudishwa, karatasi huwekwa ndani ya daftari la gari. Katika daftari huandikwa tarehe, jina la aliyefungua, na jina la aliyerudisha.

Masika yaliyofuata, mwaka 2020, gari lile lilihitajika usiku. Mama mja mzito alikuwa ameshikwa na uchungu, na hali yake haikuwa nzuri. Dereva aliyeitwa alikuwa mgeni kabisa. Mimi sikuwapo, lakini nilisimuliwa na watu waliokuwapo. Dereva aliingia ndani, akashika usukani, akaikuta karatasi. Akaisoma kwa tochi. Hapakuwa na muda wa kufunga nati usiku ule, na mvua ilikuwa inanyesha. Basi aliwashusha watu wote waliokuwa wamepanda nyuma, akabaki na mgonjwa, mkunga na utingo. Alipofika kwenye lami hakuongeza mwendo. Mume wa mama yule, aliyefuata kwa pikipiki, alimpigia kelele akaze mwendo. Dereva hakukaza. Walichelewa kufika, lakini walifika, na mama alipokelewa akiwa hai.

Mtu anaweza kusema kuwa dereva yule hakufuata karatasi, maana hakuirudisha stebilaiza kabla ya lami. Ni kweli. Lakini alilijua gari alilokuwa nalo. Aliyejua anaweza kuchagua. Asiyejua hana la kuchagua.

NAMNA YA KUIFUNGUA NA KUIRUDISHA

Kazi hii ifanywe na fundi, au dereva aliyefundishwa na fundi. Sisi wengine tujue hatua zake ili tuweze kuuliza.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usifungue gari likiwa limeinama upande mmoja. Chuma kilichojisokota kina nguvu. Kinaweza kuruka na kuumiza mkono.

2. Fungua nati za viungo vya pande zote mbili. Ukiiacha stebilaiza ndani ya gari, ifunge juu kwa waya mgumu. Isiguse tairi, shafti wala mipira ya breki.

3. Kama inaondolewa yote, weka nati, washa na bushi pamoja katika mfuko mmoja. Vitu hivi vikipotea, stebilaiza hairudi tena.

4. Angalia mipira ya breki. Ekseli ikiwa huru hushuka zaidi kuliko kawaida. Mpira wa breki usivutike hadi mwisho.

5. Andika. Funga karatasi kwenye usukani.

6. Wakati wa kurudisha, tafuta tena mahali tambarare. Osha tope, kagua bushi kama zimekatika, na kaza nati gari likiwa limekanyaga kwa magurudumu yake yote manne. Nati iliyolegea ibadilishwe.

7. Baada ya kwenda kilomita chache, simama ukague tena. Kisha andika kwenye daftari kuwa imerudishwa.

Ukiona gari linagongagonga upande wa mbele kwenye mashimo, huenda bushi au viungo vya stebilaiza vimechakaa. Dawa yake ni kuvibadilisha. Wapo wanaoondoa chuma chote ili kelele ziishe. Kelele huisha kweli, lakini gari limepungukiwa.

VIWANDANI NAO WAMEFIKIRI

Huko Marekani wapo watu wengi wanaopenda kuendesha magari kwenye miamba na matope kwa michezo. Nao kwa miaka mingi wamekuwa wakifungua stebilaiza ya mbele kwa mikono, kama madereva wetu. Wenye viwanda waliliona jambo hilo. Gari linaloitwa Jeep Wrangler Rubicon la mwaka 2007 liliwekewa kitufe karibu na dereva. Dereva akikibonyeza, stebilaiza ya mbele inaachia bila spana. Taa huwaka kumkumbusha dereva kuwa imeachia. Na gari likipita mwendo wa kilomita 29 hivi kwa saa, stebilaiza hujifunga yenyewe.

Fikiri juu ya jambo hilo. Wahandisi wale walijua kuwa dereva ni binadamu. Atasahau, atachoka, atampa gari mtu mwingine. Kwa hiyo walilipa gari taa ya kusema na mtambo wa kukumbuka. Magari yetu mengi hayana taa hiyo. Taa yetu ni karatasi, na mtambo wetu ni daftari.

Mambo yanayofanana na stebilaiza ni mengi kijijini. Mashine ya kusaga huondolewa kizuizi cha mkanda ili fundi aone vizuri, kisha hakirudishwi. Pampu ya dawa hutumiwa kwa dawa kali, kisha hukabidhiwa jirani bila neno. Kisima hufunguliwa mfuniko. Aliyefungua anajua. Hatari ni ya yule anayekuja nyuma yake. Tukifungua, tuandike.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Stebilaiza hufanya kazi gani gari linapokata kona?
2. Kwa nini gari hupita vizuri zaidi kwenye korongo stebilaiza ya mbele ikifunguliwa?
3. Dereva wa kwanza, utingo na dereva wa pili wote walisema kweli. Je, nani alipaswa kufanya nini?
4. Dereva wa mwaka 2020 alipigiwa kelele akaze mwendo, akakataa. Wewe ungefanyaje?
5. Taja kitu kimoja katika kijiji chenu ambacho kikifunguliwa au kuondolewa hakionekani kwa macho. Andika tangazo lake kwa mistari mitatu, kwa herufi kubwa.